Boti ya baba, ukuta wa Livingstone na upande wa kukaa

Swali lenyewe, kwa ufupi, lilikuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Nimemaliza stashahada ya utalii, nimerudi nyumbani Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Baba ana boti ya mbao yenye injini ya HP 40. Anabeba watu na vyungu kati ya vijiji vya Ikombe na Lyulilo, na ikijaa inachukua watu ishirini. Shemeji yangu aliyeko New York alinitumia video ya boti inayozunguka mji, watu wamejaa juu na chini, mmoja ameshika kipaza sauti anawaeleza majengo. Nikamwambia baba na sisi tunaweza. Akacheka, akasema: nani mwenye akili zake atatoa hela apakiwe hapa, azungushwe, ashushwe hapahapa? Nisaidie mzee. Nipite njia gani, nitoze vipi, na je, nikope nijenge boti ya ghorofa kama ile?"

Marahaba, mwanangu, na karibu nyumbani. Baba yako ameuliza swali zito kuliko yako yote matatu, kwa hiyo naanza na la kwake.

Huko huko New York kuna kivuko cha Staten Island, kile cha rangi ya chungwa. Kinafanya kazi usiku na mchana, safari ni kama dakika 25, na tangu mwaka 1997 hakuna nauli. Kinapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Mgeni anaweza kupanda bure, akapiga picha yake, akageuza na kivuko kinachofuata, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Kwa hesabu ya baba yako, boti za kulipia zilipaswa kufa siku ileile nauli ilipofutwa. Hazikufa. Boti za Circle Line, kampuni iliyoanza mwaka 1945, bado zinaondoka kwenye gati la mtaa wa 42 na watu wanapanga foleni.

Wananunua nini? Kivuko ni cha watu wanaokwenda kazini na kurudi. Hakipunguzi mwendo mbele ya sanamu, na abiria aliyekaa karibu nawe amelala. Boti ya kulipia inasogea, inapoza mashine, inageuka taratibu ili ubavu wa kulia nao uone alichokiona wa kushoto, na wakati huo mtu anakwambia kwamba sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1886 na kwamba ilitoka Ufaransa vipande vipande. Abiria analipia ule mwendo wa pole na yale maneno. Kushushwa palepale alipopandia hakumsumbui hata kidogo, maana gari lake lipo pale.

Kwa hiyo mwambie baba kwamba boti yake ya vyungu ndiyo kivuko cha Staten Island cha Matema. Mgeni mwenye moyo anaweza kulipa nauli ya kawaida, akabanana na akina mama na mizigo yao hadi Ikombe, akafurahi kuliko wote. Usimzuie na usimcheke. Ila biashara yako wewe ni nyingine, na ukiichanganya na ile ya baba siku moja, boti moja, utawaudhi wateja wa pande zote mbili. Siku ya wageni iwe ya wageni.

Sasa njia. Hapa ndipo nakuomba uitazame tena ile video ya shemeji yako, safari hii usiangalie majengo, angalia watu wamekaa wapi. Boti ile ikitoka gatini inashuka mto Hudson kuelekea kusini, inazunguka ncha ya kisiwa cha Manhattan, inapanda East River, inapita mto Harlem na kurudi Hudson kwa juu. Yaani Manhattan iko mkono wa kushoto mwanzo hadi mwisho, saa mbili na nusu nzima. Wanaojua hukimbilia viti vya kushoto. Waliochelewa hukaa kulia, na kila baada ya dakika chache unawaona wanasimama, wananyoosha shingo, wanasogea upande wa pili. Boti ile ni kubwa, ni ya chuma, inahimili. Yako haihimili, nitakuja huko.

Matema imekupa zawadi ambayo New York hawana. Ukitoka mwaloni kwenu, ukapita Lyulilo na kufuata pwani kuelekea Ikombe, milima ya Livingstone iko kushoto kwako. Ukirudi, iko kulia. Kila mgeni, hata akikaa wapi, atapata nusu ya safari ukuta ukiwa ubavuni kwake bila kunyanyuka. Waambie hivyo kabla hawajapanda: "Wa kushoto mtaona mkienda, wa kulia mtaona mkirudi, hakuna atakayepunjwa, kwa hiyo hakuna wa kuhama." Sentensi hiyo moja itakupunguzia hatari kuliko kelele zote za nahodha.

Ila kurudi kwa njia ileile kuna ugonjwa wake: watu wanachoka, wanaanza kuangalia simu. Wenye mizunguko kama ya New York hawana shida hiyo maana hakuna kitu wanachokiona mara mbili. Wewe huwezi kuuzunguka mlima, lakini unaweza kubadilisha umbali. Kwenda, pita karibu na miamba, kiasi cha mtu kuona mizizi ya miti ilivyong'ang'ania mawe, kuwaona watoto wa Wakisi, wenyeji wa pwani hii, wanavyorukia maji, na samaki chini. Kurudi, vuta nje ziwani, mbali kiasi kwamba ukuta wote unaingia kwenye jicho moja, kuanzia majini hadi kileleni. Ni zaidi ya mita 1,500 za mlima zinazosimama juu ya maji. Ukiwa karibu huzioni, unaona jiwe tu. Watu wengi waliolala Matema siku tatu hawajawahi kuuona mlima ule, kwa sababu wako chini yake.

Ukiwa huko nje, zima mashine. Nasema nje, usizime karibu na miamba hata ziwa likiwa limetulia kiasi gani, maana wimbi dogo tu linatosha kukusukuma juu ya jiwe, na nanga haitakuokoa. Ukuta unaouona juu unaendelea chini ya maji. Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia karibu mita 700 kwenye sehemu zake za kina zaidi, na upande huo wa milima unashuka ghafla. Unatupa nanga, kamba inaisha, chini hakuna kitu. Baba yako anajua. Waliosomea vyuoni mara nyingi hawajui, wanaamini nanga ni breki.

Saa ya kuondoka ni jambo ambalo sitaki ulichukue kwa mazoea ya hoteli. Mgeni atataka kupanda boti saa nne na nusu baada ya chai nzito, au saa tisa alasiri. Wewe ndiye unayepanga. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji na upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwenu. Juu ya hapo, kuanzia Mei hadi Agosti kuna upepo wa kusini, ule ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera. Angalia ramani: ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, limelala kusini kwenda kaskazini, na ninyi mko kwenye ncha ya kaskazini. Wimbi hukua kadiri upepo unavyopata nafasi ya kulisukuma. Linalopiga Matema limesukumwa ziwa zima. Ndiyo maana unaweza kuwa na upepo wa kawaida tu pwani na bado mawimbi yakaja makubwa, yamezaliwa mbali.

Kwa hiyo safari yako kuu iwe asubuhi, kama saa mbili hadi saa nne. Upepo unaoshuka milimani usiku unakuwa umelegea na ule wa ziwani haujaanza. Hasara yake ni kwamba jua linatokea nyuma ya milima, ukuta uko kwenye kivuli, na mpiga picha atalalamika. Jioni ni kinyume: jua linashukia upande wa Songwe na Malawi, linaupiga ukuta usoni, mawe yanageuka rangi ya chungu kilichotoka motoni. Safari ya jioni ni nzuri mno na ungeweza kuitoza zaidi, lakini iuze tu katika miezi ambayo upepo wa kusini umelegea, baada ya kusoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa maziwa yetu makubwa, na kwa sharti kwamba boti iko mchangani kabla giza halijaingia. Baba yako akitazama maji akatikisa kichwa, rudisha hela za watu. Usibishane naye mbele yao.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa Tukuyu na Kyela wanaoanza kutembeza wageni: "Tuwaambie nini?" Wanadhani historia ni ya kwenye vitabu vya wazungu. Chicago kuna safari za mtoni zinazohusu kitu kimoja tu, majengo, kwa dakika 90. Wanaoeleza wengi ni watu wa kujitolea wa kituo cha usanifu majengo cha mji ule, wanapewa mafunzo na kupimwa kabla hawajapewa kipaza sauti. Dakika 90 za kusikiliza habari za nyumba! Watu wanatoka wamefurahi kwa sababu msemaji anakijua anachokisema na hakirukiruki. Wewe chagua uzi wako. Mimi ningechagua maji na chungu, kwa sababu vyote viwili viko mbele ya macho yao.

Maji: waambie kwamba wako juu ya Bonde la Ufa, nchi ilipasuka, upande mmoja ukazama na mwingine ukabaki umesimama, na mpasuko wenyewe ndio ule ukuta. Waambie kuhusu samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, ambao wauzaji wa samaki wa mapambo duniani huwaita mbuna. Aina kwa mamia za familia hiyo hazipatikani penginepo, na kwa nyingi mama hubeba mayai na watoto mdomoni hadi wakue. Kuwa na miwani ya kuogelea michache, mtu ainamishe kichwa aone mwenyewe. Hapohapo usifiche habari ya kichocho. Mgeni akikuuliza, mwambie ziwa linacho, na akirudi kwao apime. Na kwenye midomo ya mito, hasa Lufirio, usimruhusu mtu kuingia majini hata akikuahidi nini. Mamba hasomi mkataba.

Wakati mwingine juu ya maji huinuka kitu kama nguzo ya moshi. Mgeni ataogopa akidhani kuna chombo kinawaka. Ni vijidudu vya ziwa, vimekulia chini kwenye kina na vinapaa kwa mkupuo, na watu wa kando ya ziwa huvikamata wakavipika. Hicho ni kisa cha dakika tano na hukulipia chochote.

Kuna pia kile kisa cha ziwa hili cha Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Wajerumani walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, Waingereza wakiwa na Gwendolen. Manahodha wawili, Berndt na Rhoades, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Habari za vita zikamfikia Mwingereza kwanza. Akaenda Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhaven, akaikuta ile nyingine imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt alikuja na mtumbwi, amekasirika, akamuuliza mwenzake kama amelewa. Ndipo akaambiwa kuna vita, na kwamba yeye sasa ni mateka. Ni kisa cha kuchekesha, lakini Liuli iko mbali kusini, mkoani Ruvuma, usiwaonyeshe wageni jiwe lolote la Matema ukawaambia ni hapa. Wapo waongozaji wanaofanya hivyo na mgeni akifika hotelini anatafuta kwenye simu.

Chungu nacho usikieleze wewe. Ukifika Ikombe, nyamaza. Waache akina mama wa Kikisi wafinyange na waseme, wewe tafsiri. Kubaliana nao mapema, kupitia viongozi wa kijiji, malipo ya kila kundi linaloshuka, nunua wasinunue. Nimeona vijiji vingine vya nyanda za juu vilivyogeuzwa mahali pa kupiga picha bure, na baada ya miaka miwili wenyeji wanajificha wakisikia gari. Kama unaweza, weka safari yako kubwa ya wiki siku ya Jumamosi, siku ya mnada wa vyungu Lyulilo. Mgeni akiviona vinafinyangwa Ikombe asubuhi, akarudi akavikuta sokoni vimepangwa mchangani vikisubiri magari ya Mbeya, ameona biashara nzima tangu udongo.

Sasa uzito, na hapa naomba uvumilivu wako.

Tarehe 24 Julai 1915, Chicago, meli ya Eastland ilipakia zaidi ya watu 2,500, wafanyakazi wa kiwanda na familia zao, wanakwenda matembezi. Haikuondoka. Ikiwa bado imefungwa gatini ilianza kulala upande mmoja, ikajinyoosha, ikalala tena, ikapinduka. Walikufa watu 844, hatua chache kutoka nchi kavu, kwenye maji ya mtoni yasiyo na kina. Meli ile ilikuwa na tabia ya kuyumba tangu zamani. Kisha, baada ya Titanic, sheria ikadai maboti ya kuokolea ya kutosha, yakaongezwa, na yakawekwa juu. Kitu kilichowekwa kuokoa watu kiliiongezea meli uzito kichwani. Sisi tunayo MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018, ile iliyopinduka ikiwa karibu kabisa kufika gati la Ukara, imezidiwa abiria. Siku ya Nyerere hapakuwa na dhoruba. Ilitosha kwamba watu ni wengi na chombo kimepoteza uwiano.

Boti ya matembezi ina hatari ambayo boti ya mizigo haina. Chungu ukikiweka kinakaa. Gunia la mpunga linakaa. Mtu anayetaka picha hakai. Akipiga kelele mmoja "tazameni!", sita wanahamia upande mmoja, na hao ni zaidi ya kilo mia nne zilizovuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kwa sekunde mbili, tena zimesimama, uzito uko juu. Kwa hiyo kama boti ya baba inachukua ishirini, wewe pakia kumi na wawili pamoja na wafanyakazi, na hiyo ni siku njema. Viti viwe vya chini, vifungwe, vitazame nje. Ukitaka kuwaonyesha kitu, geuza boti, usigeuze watu.

Nitakutajia kundi moja hasa, kwa sababu litakuja na litakuja na hela: kwaya. Watatoka Mbeya mjini au Tunduma na Coaster nzima, sare zinang'aa, wana mpiga video, na watataka kuimba wamesimama kwenye boti, wote, wakicheza kwa pamoja kulia kushoto. Sina maneno ya upole ya kulieleza jambo hili. Kataa. Wapige video wamesimama mchangani boti ikiwa nyuma yao, au waimbe wamekaa. Mwalimu wa kwaya atakuambia kwaya fulani ilifanya kule Mwanza. Jibu lako liwe lilelile.

Jaketi okozi lazima livaliwe mchangani, likiwa limefungwa, kabla mguu haujaingia kwenye boti. Nunua ya watoto pia, mtoto aliyevalishwa la mtu mzima hutoka kwa chini akiingia majini. Uwe na kasia mbili, injini ndogo ya akiba hata ya HP 8, ndoo ya kuchotea maji, simu kwenye mfuko usioingiza maji. Andika majina ya wote kwenye daftari, umwachie mtu nchi kavu pamoja na saa ya kurudi. London walijifunza kwa uchungu mwaka 1989, boti ya starehe Marchioness ilipogongwa usiku na meli ya kuchimba mchanga kwenye mto Thames wakafa watu 51. Vituo vya boti za uokoaji kwenye mto ule vilikuja kuwekwa mwaka 2002. Sisi hatuna boti ya uokoaji inayokaa Matema ikisubiri, kwa hiyo huyo mtu mwenye daftari ndiye kituo chako. Awe mtu asiyelewa.

Mambo madogo ambayo wageni hawasemi ila hawarudi kwa sababu yake: Matema hakuna gati, watu wanapanda kwa kukanyaga maji. Mama wa miaka sitini kutoka Uyole hapendi kubebwa mgongoni mbele ya wajukuu. Tengeneza ubao mpana wenye vipingili, uegemee omo, na kijana mmoja asimame majini kushika mkono. Choo waambie kabla. Saa mbili ni nyingi kwa mtu aliyekunywa chai ya maziwa vikombe vitatu.

Bei nitaipitia haraka, maana sijui petroli Kyela itakuwa shilingi ngapi siku unasoma hapa. Injini ya HP 40 ikifunguliwa yote hula kama lita 15 hadi 20 kwa saa. Ikienda pole, kama inavyopaswa kwenda na wageni, hula chini ya nusu yake. Usiniamini mimi: jaza tangi hadi alama, fanya safari nzima mkiwa na uzito halisi, kisha jaza tena kwa kipimo. Hapo umeipata petroli. Ongeza ujira wa baba kama nahodha (usimwambie ni msaada, mlipe), msaidizi, malipo ya Ikombe, na fungu la kuchakaa kwa injini, ambalo wengi hulisahau hadi siku plagi na propela zinapodai. Jumla hiyo igawe kwa viti sita. Boti iliyojaa ni ndoto ya Jumamosi ya sikukuu. Sita ndiyo Jumanne ya Februari. Mwanzoni uza boti nzima kwa kundi, bei moja, wajigawie wenyewe. Hiyo inakuepusha na balaa la kumsubiri abiria wa saba wakati maji mazuri yanapotea.

Na wateja ni nani? Shule ilikufundisha kumsubiri mzungu. Atakuja, hasa anayetoka Ruaha au Kitulo na anayevuka Kasumulu kwenda Malawi, na aliyetoka kuona Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu kule Rungwe akakuta Matema kuna mchanga. Lakini watakaokulipia karo ya wadogo zako ni walimu, manesi, watu wa benki wa Mbeya, maharusi, wanafunzi wa Kyela. Wengi hawajui kuogelea na wanaogopa maji kuliko wanavyosema. Wawekee safari fupi ya saa moja, usiwapeleke mbali. Jijini Paris zile boti zao za mtoni, chini chini zenye vioo ili zipite chini ya madaraja, kwa kawaida huwazungusha watu saa moja na kidogo, na hakuna anayedai arudishiwe chenji.

Kuhusu karatasi: chombo kinakaguliwa na kupewa cheti na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na cheti cha kubeba mizigo na abiria wa kawaida usidhani kinakutosha kwa kazi mpya, waulize na uwaonyeshe boti. Kutembeza watalii kwa malipo kunahitaji leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi bado huiita TALA. Nenda pia halmashauri ya Kyela kwa leseni ya biashara na kwa uongozi wa kijiji kwa maelewano. Usivuke ziwa kuelekea ng'ambo ukiwa na wageni, hilo ni suala la uhamiaji. Na mgeni akianza mjadala wa mpaka wetu na Malawi uko wapi majini, mwonyeshe mlima.

Boti ya ghorofa, mwanangu, hapana. Ghorofa ya New York inasimama kwenye bandari iliyokingwa, juu ya chombo cha chuma kilichopigiwa hesabu na wahandisi, na hata hivyo huwa inasubiri daraja la reli la Spuyten Duyvil lifunguliwe ndipo imalize mzunguko, kwa sababu likifungwa linaacha kama mita moja na nusu tu juu ya maji. Kila kitu pale kimepimwa. Fundi wa mbao akikuongezea ghorofa juu ya boti ya baba, atakuwa ameirudia Eastland kwa bei nafuu. Kama lazima ukope, kopa kidogo: majaketi, ubao wa kupandia, turubai jepesi la kivuli linaloweza kukunjwa upepo ukianza, na injini ya akiba. Fanya msimu mmoja mzima, Oktoba hadi Oktoba, ukiandika kila safari, idadi ya watu, lita, na siku ulizoghairi kwa sababu ya upepo. Ukiwa na daftari hilo, njoo tuzungumzie boti ya pili, ya faiba, pana, isiyo na ghorofa. Baba mpe salamu, na mwambie siku ya kwanza akae yeye kwenye usukani na wewe ushike maneno.